Maana ya Jibu "Hakuna": Somo la Udongo wa Mirihi kwa Maabara Zetu

Utangulizi

Mkulima wa Kibosho au Marangu anapochota konzi ya udongo katika kihamba chake, huwa ameshika mabaki ya volkano. Miamba iliyotapikwa na Kilimanjaro zamani za kale ilimomonyoka, ikachanganyika na majani ya migomba, samadi ya ng'ombe na mizizi ya kahawa, ikawa udongo mweusi unaolisha watu. Sayari ya Mirihi nayo imefunikwa kwa sehemu kubwa na vumbi na mchanga uliotokana na miamba ya volkano. Mlima wake mkubwa, Olympus Mons, una kimo cha kilomita 22 hivi, zaidi ya mara tatu ya kimo cha Kibo chenye mita 5,895. Kwa asili, udongo wa kule na wa huku una undugu. Tofauti kubwa ni kile kilichochanganyika nao. Wa kwetu umejaa masalia ya viumbe hai, ilhali wa Mirihi, ulipopimwa mara ya kwanza mwaka 1976, ulitoa jibu moja: hakuna.

Makala haya yanaeleza jinsi jibu hilo lilivyopatikana, na kwa nini lilibadilika baada ya miaka zaidi ya thelathini ingawa udongo wenyewe haukubadilika. Yameandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya na wagonjwa kwa sababu kila siku katika zahanati, vituo vya afya na hospitali zetu hutolewa karatasi zenye neno "hasi" au "hakuna kilichoonekana", na watu hufanya uamuzi mzito kwa kulitegemea neno hilo. Kuelewa neno hilo linasema nini, na halisemi nini, ni sehemu ya tiba.

Kinachotafutwa ni nini?

Kampaundi ogania ni kemikali ambazo kiunzi chake ni atomu za kaboni zilizoshikamana, mara nyingi pamoja na haidrojeni. Sukari, mafuta, protini na chembe za urithi zote zimo katika kundi hili. Uhai wote tunaoujua umejengwa kwa kampaundi hizo, ndiyo maana anayetafuta dalili za uhai huanza kwa kuzitafuta.

Hata hivyo, kuzipata si sawa na kupata uhai. Kimondo kilichoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969 kilikutwa na asidi amino za aina nyingi zilizotengenezwa angani pasipo kiumbe yeyote. Kwa kuwa vimondo vya namna hiyo vimekuwa vikiidondokea Mirihi kwa mamilioni ya miaka, wataalamu walitarajia kukuta walau masalia yake katika udongo wa sayari hiyo. Kwa hiyo jibu la "hakuna" liliwashangaza hata wale ambao hawakutarajia kukuta uhai.

Vipimo vya mwaka 1976

Vyombo viwili vya Marekani vilitua Mirihi mwaka huo: Viking 1 tarehe 20 Julai na Viking 2 tarehe 3 Septemba. Kila kimoja kilibeba maabara ndogo inayojiendesha. Vipimo vitatu vilitafuta dalili za vijidudu vinavyokula au kupumua, na kipimo cha nne kilitafuta kampaundi ogania zenyewe.

Katika kimojawapo cha vipimo vya uhai, kilichosimamiwa na Gilbert Levin, udongo ulidondoshewa maji yenye virutubishi vilivyowekewa kaboni nururishi. Kama kuna kijidudu kitakachovila, kitatoa gesi yenye kaboni hiyo, na mashine itaihesabu. Gesi ilitoka. Udongo wa kulinganishia, uliochemshwa kwanza hadi nyuzi 160 za sentigredi kwa saa tatu, haukutoa gesi ya namna hiyo. Kwa vigezo vilivyowekwa kabla ya safari, jibu hilo lilikuwa chanya.

Kipimo cha nne kikaenda kinyume. Chini ya uongozi wa Klaus Biemann, udongo ulipashwa moto hadi nyuzi 500 ili kampaundi zozote ogania zigeuke mvuke, kisha mvuke huo ukatenganishwa na kutambuliwa kwa kromatografia ya gesi na spektromita ya masi. Kilichoonekana ni maji, kaboni dayoksaidi, na chembe kidogo mno za klorometani na dikloromethani. Kiasi cha klorometani kilikuwa sehemu 15 hivi katika bilioni. Sehemu moja katika bilioni ni sawa na gramu moja iliyotawanywa katika shehena ya malori 100 yenye tani 10 kila moja. Kwa kuwa kemikali za jamii hiyo hutumika kusafishia mitambo, ilihitimishwa kwamba zilisafiri kutoka duniani. Majibu ya Levin nayo yakaelezwa kuwa ni kazi ya kemikali kali zilizomo udongoni: pasipo kampaundi ogania, vijidudu vingetoka wapi?

Hoja hiyo ilikuwa na mantiki. Lakini ilisimama juu ya dhana moja ambayo hakuna aliyekuwa na njia ya kuihakiki wakati ule, kwamba kuupasha moto udongo wa Mirihi hakuharibu kile kilichotafutwa.

Chumvi iliyojificha

Tarehe 25 Mei 2008 chombo kiitwacho Phoenix kilitua karibu na ncha ya kaskazini ya Mirihi. Badala ya kuuchoma udongo tu, kiliuchanganya na maji na kuupima kwa elektrodi zinazotambua ayoni, mbinu ya jamii ile ile inayotumika katika mashine za hospitali kupima sodiamu na potasiamu katika damu. Elektrodi iliyowekwa kwa ajili ya naitreti ilitoa ishara kubwa kupita kiasi. Michael Hecht na wenzake walitambua kwamba ishara ile ilikuwa ya perkloreti, chumvi ya klorini na oksijeni, kwa kiwango cha takriban nusu asilimia ya udongo.

Perkloreti si ngeni katika udaktari. Huzuia madini joto kuingia katika tezi ya shingo, na katika miaka ya 1950 na 1960 ilitumika kutibu tezi inayofanya kazi kupita kiasi, hadi madhara yake katika uboho wa mifupa yalipowafanya madaktari wengi waiache. Sisi tunaoishi nyanda za juu, ambako rovu lilikuwa likionekana sana kabla ya chumvi yenye madini joto kuenea, tunaelewa haraka kwa nini udongo wa namna hiyo hauwezi kulimwa mboga na kuliwa hivi hivi.

Jambo lililobadilisha historia lakini ni tabia yake ndani ya joto. Ikiwa baridi, perkloreti imetulia. Ikipashwa moto sana, huachia oksijeni na klorini, na kampaundi ogania zilizo karibu huungua na kuwa kaboni dayoksaidi, huku kiasi kidogo kikigeuka klorometani na jamaa zake. Ni sawa na kutafuta hati ndani ya chumba cha giza kwa kuliwasha moto rundo la karatasi ili upate mwanga.

Mwaka 2010 Rafael Navarro-González wa Meksiko na wenzake waliijaribu hoja hiyo. Walichukua udongo wa jangwa la Atacama, Chile, wenye kampaundi ogania kidogo zinazojulikana, wakautia perkloreti na kuupasha moto. Karibu kampaundi zote ziliangamia, na zikaonekana klorometani na dikloromethani, zile zile zilizoonwa na Viking. Si wataalamu wote walioafiki kwamba Viking ilizipata kweli kampaundi za Mirihi. Biemann mwenyewe aliendelea kupinga. Lakini baada ya hapo haikuwezekana tena kusema kwamba kipimo cha mwaka 1976 kilithibitisha kutokuwepo kwake. Kilichothibitishwa ni kwamba kwa njia ile, katika udongo ule, hazikuonekana.

Subira na vikombe vitupu

Chombo cha Curiosity kilitua katika kreta ya Gale mwezi Agosti 2012. Mapema kiliona kampaundi zenye klorini, lakini wataalamu hawakutangaza ushindi. Walikwisha kubaini kwamba kitendanishi kimoja kilichobebwa kutoka duniani kilikuwa kikivuja ndani ya maabara hiyo, nacho kilikuwa na kaboni yake. Wakapima vikombe vitupu, wakalinganisha sampuli na sampuli, wakatoa mchango wa uchafu huo katika hesabu. Ndipo mwaka 2015 Caroline Freissinet na wenzake wakaripoti klorobenzini, sehemu 150 hadi 300 katika bilioni, kutoka mwamba wa matope ulioitwa Cumberland. Mwaka 2018 Jennifer Eigenbrode na wenzake waliripoti thiofini na kampaundi nyingine katika miamba yenye umri wa miaka bilioni tatu hivi. Mwaka 2025 timu ya Freissinet iliripoti dekani, undekani na dodekani, minyororo ya kaboni kumi hadi kumi na mbili, ambayo huenda ni mabaki ya asidi za mafuta.

Mwaka 2018 vilevile, Melissa Guzman na wenzake walizirudia kumbukumbu za zamani za Viking na kukuta humo dalili za klorobenzini, ingawa hawakuweza kuondoa kabisa shaka ya uchafu wa duniani. Dalili hiyo ilikuwa imekaa katika kumbukumbu kwa miaka zaidi ya arobaini, ikimsubiri mtu anayejua cha kutafuta. Laiti kumbukumbu zingetupwa, ingepotea.

Mpaka sasa hakuna aliyethibitisha uhai Mirihi, na kampaundi zote zilizotajwa zinaweza kutokea bila uhai. Kilichopatikana ni jibu sahihi zaidi kwa swali dogo zaidi, na hivyo ndivyo sayansi inavyosogea.

Homa za Moshi

Tushuke sasa kutoka angani hadi wodini. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliwachunguza wagonjwa 870, watoto na watu wazima, waliolazwa kwa homa katika Hospitali ya Rufaa ya KCMC na Hospitali ya Mkoa ya Mawenzi hapa Moshi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Kwa kufuata dalili, wagonjwa 528, yaani asilimia 60.7, walikuwa wamehesabiwa kuwa na malaria. Vipimo makini vilionyesha kwamba malaria ndiyo iliyosababisha homa kwa wagonjwa 14 tu, yaani asilimia 1.6.

Je, wengine walikuwa na nini? Wagonjwa 85 walikuwa na bakteria katika damu. Miongoni mwa waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, takriban robo walikutwa nayo: leptospirosi, riketisia inayoenezwa na kupe, homa ya Q na brusela. Leptospirosi ndiyo ile ambayo Watanzania wengi waliifahamu mwaka 2022 kwa jina la homa ya Mgunda ilipozuka mkoani Lindi. Bakteria wake huishi katika udongo na maji yaliyochafuliwa na mkojo wa panya na mifugo. Hakuna hata mmoja wa wagonjwa hawa aliyekuwa mgonjwa wa kufikirika. Maradhi yao yalikuwepo, ila zana za kila siku za wakati ule hazikuwa na uwezo wa kuyaona. Mengi ya magonjwa hayo huthibitishwa kwa kulinganisha sampuli mbili za damu, moja ya siku ya kulazwa na nyingine ya wiki kadhaa baadaye, kazi ambayo hospitali nyingi haziwezi kuifanya mgonjwa akiwa bado kitandani.

Takwimu hizi hazimaanishi kwamba malaria imetoweka. Malaria bado inaua, na kila homa inastahili kupimwa. Zinachosema ni kwamba "si malaria" ni mwanzo wa swali jingine, na kwamba kulijaza pengo hilo kwa jina tulilolizoea hakumtibu mtu.

Mambo manne ya kuuliza

Kutokana na visa hivi viwili tunaweza kupata maswali manne ya kuliuliza jibu lolote la maabara.

La kwanza: sampuli ilikuwaje? Damu ya kuoteshwa ikichukuliwa baada ya mgonjwa kuanza antibayotiki, bakteria wanaweza kuwa wamedhoofu kiasi cha kutoota, ingawa bado wamo mwilini. Damu ikiwa kidogo mno, hali huwa hiyo hiyo. Mate yakipelekwa badala ya makohozi, kifua kikuu kitajificha. Matibabu yaliyotangulia yanaweza kuifanyia sampuli kile ambacho joto na perkloreti viliufanyia udongo.

La pili: kikomo cha ugunduzi ni kipi? Hadubini huhitaji bakteria wa kifua kikuu wapatao 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ya makohozi ili wawaonekane. Kipimo cha GeneXpert, kilichoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Desemba 2010, huweza kuwatambua wakiwa 130 hivi. Mgonjwa mwenye bakteria 1,000 ni hasi kwa kipimo kimoja na chanya kwa kingine, siku ile ile, katika hospitali ile ile. Wenzetu wa Kibong'oto wilayani Siha, ambao kwa miaka mingi wamewatibu wagonjwa wa kifua kikuu, wanaijua vyema tofauti hiyo.

La tatu: ni kitu gani kingine kinachoweza kutoa jibu hili? Gesi iliyotoka katika kipimo cha Levin ingeweza kutoka kwa kijidudu au kwa kemikali. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kipimo cha Widali, kinachoagizwa mno kwa ajili ya homa ya matumbo. Kingamwili kinazozitafuta zinaweza kuwepo kwa sababu ya maambukizi ya zamani au ya bakteria wengine, kwa hiyo "chanya" moja ya Widali haitoshi kumthibitishia mtu taifodi. Kipimo cha haraka cha malaria nacho hutafuta protini ya vimelea, na protini hiyo inaweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa.

La nne: ulinganisho ulifanyika? Timu ya Curiosity ilipima vikombe vitupu kabla ya kuamini chochote. Katika maabara zetu, kikombe kitupu ni sampuli ya udhibiti, ile inayojulikana kuwa hasi na ile inayojulikana kuwa chanya. Kuiruka kwa sababu foleni ni ndefu ni kuyaondolea uthamini majibu yote ya siku hiyo.

Kwa mhudumu wa afya

Andika katika fomu ya kuombea kipimo dalili za mgonjwa, siku ya ugonjwa na dawa alizokwisha kutumia; mteknolojia wa maabara hawezi kulitafsiri jibu la sampuli asiyoijua historia yake. Chukua damu ya kuotesha kabla ya antibayotiki pale inapowezekana, ukiisafisha ngozi vizuri ili bakteria wa ngozi wasihesabiwe kuwa wa damu. Lakini mgonjwa mahututi asicheleweshewe dawa kwa kungoja kipimo. Jibu likipingana na hali ya mgonjwa, rudi kwa mgonjwa, mchunguze upya, kisha uliza kama kuna kipimo kingine. Muulize pia kuhusu mifugo, maziwa mabichi, kupe, panya na kazi ya mashamba ya maji. Na unapoona hasi ya malaria, usiandike dawa ya malaria kwa mazoea, wala usiandike antibayotiki kwa kila hasi. Njia ya kwanza humwacha mgonjwa na ugonjwa wake, na ya pili hujenga usugu wa bakteria dhidi ya dawa tunazozitegemea sote.

Kwa mgonjwa na ndugu zake

Ukiambiwa "hatukuona kitu", hujaambiwa kwamba huumwi. Umeambiwa kwamba kipimo hicho hakikuona kile kilichokuwa kikikitafuta. Una haki ya kuuliza kwa heshima: "Daktari, mmepima nini, na ni nini ambacho bado hakijapimwa?" Taja dawa zote ulizokunywa kabla ya kuja, hata zile za dukani na za mitishamba. Sema kama unafuga, kama umesaidia mnyama kuzaa, au kama umekunywa maziwa yasiyochemshwa. Tunza karatasi zako za majibu na uje nazo kila mara, kwani karatasi ya mwaka jana inaweza kumsaidia daktari wa leo.

Homa ikiendelea zaidi ya siku mbili au tatu baada ya jibu hasi, rudi kituoni. Rudi mara moja, hata usiku, ukiona degedege, kuchanganyikiwa, shingo kukakamaa, kupumua kwa shida, macho kuwa ya manjano, kutokwa damu, au mtoto kushindwa kunyonya au kunywa. Dalili hizo zina uzito kuliko karatasi yoyote.

Hitimisho

Waliopima udongo wa Mirihi mwaka 1976 hawakuwa wazembe. Walitumia zana bora za wakati wao na wakaandika kwa uaminifu walichokiona, ikiwamo klorometani ambayo hawakujua maana yake. Kwa sababu waliiandika, waliokuja baadaye waliweza kuuliza swali jipya. Nasi tuandike kwa uaminifu huo huo: ni sampuli gani ilipimwa, kwa njia ipi, na ni nini kilichoonekana au kutoonekana. Mgonjwa akijua hayo, na mhudumu akiyajua, jibu la "hakuna" halitawafunga mlango. Litawaelekeza mahali pa kutafuta tena.